Samadari ya Matendegu Matatu na Mchi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mimi nilikuwa nimeshaota meno ya kutafunia, alikuwako Wete bibi mmoja jina lake Bi Kazija. Kaeni vizuri. Wewe mwenye karanga, tafuna sasa umalize, sitaki mtu anitafunie sikioni nikishaanza.

Bi Kazija alikaa na mwanawe Makame, na mke wa mwanawe, Sihaba, na wajukuu watatu. Mkubwa ni Mwantumu, msichana wa miaka kumi na minne, mpenda vipya. Kitu kikifuliwa mara mbili, kwake kimeshazeeka. Wa pili Hamadi, miaka kumi na miwili, mpenda vikuukuu. Huyo aliweza kuokota msumari uliopinda njiani akaja nao nyumbani anatabasamu. Wa tatu Kibibi, miaka minane, naye alipenda kulala. Sikusema mgonjwa. Mzima wa afya, anakula, anaruka kamba, lakini akiona kivuli tu macho yanamlegea. Ukimtuma kiberiti, utamkuta kwa jirani amelala juu ya gunia, kiberiti mkononi.

Watoto hao walikuwa na chumba kimoja. Chumba gani sasa? Magodoro mawili chini, kuta zimechubuka, baiskeli isiyo na gurudumu, gunia la makumbi ya nazi, na mwavuli uliovunjika ambao Hamadi alisema una kazi yake. Kazi gani, mpaka leo hatujaambiwa.

Bi Kazija alikuwa na mwana mwingine, Faki, Mungu amrehemu. Faki aliacha mtoto mmoja tu duniani, Riziki. Mama yake Riziki naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mtoto alilelewa Mkoani na mama yake mkubwa, Bi Mgeni. Kalelewa vizuri, kapendwa, kasukwa nywele kila wiki. Alipofika miaka sita, mume wa Bi Mgeni akapata kazi Tabora, huko bara. Basi Jumamosi moja Bi Mgeni akapiga hodi kwa Bi Kazija, mtoto kamshika mkono huu, na mtoto mwenyewe kakumbatia furushi lililofungwa mafundo mawili.

"Shikamoo, Bi mkubwa," alisema Bi Mgeni. "Nimekuletea damu yako. Lakini sitamwacha kwa nguvu. Huyu furushi lake halifungui kwa watu asiowazoea, hata umpe nini. Nitarudi Ijumaa baada ya sala. Nikikuta furushi limefunguliwa, nitajua mtoto kakaa. Nikikuta limefungwa, naondoka naye Tabora, na usinilaumu."

"Sikulaumu, mwanangu," alisema Bi Kazija.

Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulikuwa unapiga hesabu. Magoti yake hayakumfikisha hata sokoni, Tabora angefika vipi? Mtoto akivuka bahari ndiyo basi, hamwoni tena. Na Faki hakuacha picha. Aliacha paji la uso, na paji lenyewe lilikuwa limesimama pale mlangoni limenuna.

Bi Mgeni akaenda zake kwa jamaa zake. Riziki akaongozwa mpaka chumba cha watoto, akachungulia, akakalia furushi lake kizingitini.

"Mle siingii," alisema.

"Kwa nini, mke mwenzangu?" aliuliza bibi.

"Ni stoo."

Hamadi aliudhika, lakini ukweli ni ukweli. Bi Kazija akawaita wajukuu zake watatu barazani, akawakalisha.

"Mnaijua samadari yangu?"

Nani asiyeijua? Ilikuwa kitanda chake cha harusi, kitanda kirefu cha mbao nyekundu, matendegu, yaani miguu yake, yamechongwa kama vikombe vilivyopandishwa kimoja juu ya kimoja. Siku hizo kilikuwa vipande vipande, kimeegemezwa bandani nyuma ya jiko, kuku wanakipandia.

"Kipambeni chumba chenu," alisema Bi Kazija. "Vipya mnavyo, vya zamani mnavyo. Atakayefanya furushi lile lifunguliwe kabla ya Ijumaa, samadari ni yake. Ataolewa nayo, ataoa nayo, na hapana wa kumuuliza."

Yashikeni maneno hayo: atakayefanya furushi lifunguliwe. Mtayahitaji.

Jumapili asubuhi Mwantumu alikwishajifunga kibwebwe. Akatoa kila kitu nje, akachanganya chokaa na buluu ya kufulia, akakoroga, akapaka. Kuta zikawa rangi ya mbingu baada ya mvua. Akashona pazia jipya kwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye nguo za Idi, akatandika mashuka aliyoyadarizi mwenyewe, hayajalaliwa na mtu. Uzuri wa chumba ukawaita majirani kuja kutazama.

Ila Mwantumu alisahau kitu kimoja. Chokaa haipakwi bila kutiwa chumvi, na mama yake alimwambia, "Tia chumvi, mwanangu, kopo zima." Yeye akili ilikuwa kwenye pazia. Chokaa bila chumvi haishiki ukuta, inashika watu.

Jumatatu Hamadi akaegemea, akatoka na mgongo wa buluu. Jirani aliyekuja kutazama akaegemea, akaenda sokoni na buluu yake. Wete nzima ikawa inajua nani katoka kwa Bi Kazija, huna haja ya kuuliza. Alasiri Makame akaingia kupigilia msumari wa pazia, kanzu nyeupe, tayari kwa msikiti. Akaegemea kidogo tu, kuangalia kama pazia limenyooka. Msikitini waliokuwa safu ya nyuma yake wakasali kwa shida. Imamu, mtu mpole, akamngoja mlangoni akamuuliza, "Makame, kwako kuna nini? Umelazwa ukutani?"

Makame akarudi nyumbani anatembea kinyumenyume, ili watu wa barabarani wasimwone mgongo. Sasa mgongo ukawa unatangulia kuingia uani, na Riziki yuko pale kizingitini.

Riziki akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumamosi. Akacheka mpaka kamasi zikamtoka, akainuka, akaingia chumbani kuutazama huo ukuta unaofanya mambo hayo. Akabandika viganja vyake viwili ukutani, akavibandika kwenye mgongo wa Kibibi, ambaye alikuwa amelala na hakujua mpaka jioni.

Bi Kazija alisikia kicheko kile akiwa jikoni, akashika mwimo wa mlango. Faki alicheka hivyo hivyo. Akafurahi mpaka akasahau magoti yanauma.

Lakini ngojeni. Riziki alirudi kizingitini, akalivuta furushi lake, akaingia nalo, akaliweka katikati ya chumba, akalikalia. Mafundo mawili, vile vile.

"Sasa fungua, mdogo wangu," alisema Mwantumu. "Nguo zako tuzitie humu kwenye sanduku jipya."

"Sina pangu," alisema Riziki.

"Hapa pote ni pako."

"Pote si pangu."

Mjibuni basi, ninyi wajuaji. Mwantumu akalifunga sanduku lake.

Jumanne ikawa zamu ya Hamadi. Akaenda bandani, akafukuza kuku, akaitoa samadari kipande kwa kipande. Akaisugua kwa mchanga, akaipaka mafuta ya nazi, akasokota kamba mpya kwa yale makumbi yaliyokuwa kwenye gunia. Akapanga mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, akapanga matendegu. Tendegu la kwanza zima. La pili zima. La tatu zima. La nne akalishika likamvunjikia mkononi. Mchwa walikuwa wamekula ndani yote, wameacha ngozi.

Akatafuta kwa seremala, hakuna. Akatafuta pwani, akatafuta kwa wajomba, hakuna. Jumatano mchana akarudi nyumbani amechoka, mama yake kaenda arusini, na jikoni kasimama nani? Mchi. Mchi wa kutwangia wa mama yake, mgumu, mnene, umenyooka. Hamadi hakuuliza mtu. Akautoboa matundu mawili, akachomeka mifumbati, akawamba kamba, akavuta mpaka kitanda kikalia ukikigonga. Mchi ulikuwa mrefu kuliko matendegu mengine, ukachomoza juu kwenye pembe ya kitanda. Hamadi akasema hapo patafungwa chandarua.

Kumbe kitanda kilivyosimama kilikuwa kizuri kupita walivyokumbuka. Mbao nyekundu ya zamani, ukuta wa buluu mpya, mashuka ya Mwantumu juu yake. Sihaba akarudi arusini, akachambua kisamvu chake, akaenda kwenye kinu.

"Hamadi," aliita.

"Labeka, mama."

"Mchi wangu uko wapi?"

"Umesimama, mama."

"Umesimama wapi?"

"Chumbani kwetu. Umeshika kitanda."

Sihaba aliingia chumbani na mkono ameshauinua. Na nawaambia, mkono wa Sihaba ulikuwa haurudi bure. Lakini akasikia mtu anaimba. Akainama. Samadari ni ndefu, uvungu wake mtoto wa miaka sita anakaa bila kuinamisha kichwa, na Riziki alikuwa amekaa humo, kakumbatia furushi, anajiimbia taratibu.

"Unafanya nini huko, mwanangu?"

"Hapa ndipo pangu," alisema Riziki.

Sihaba akaushusha mkono. Kisamvu kikatwangwa kwa mchi wa kuazima, na Hamadi akatumwa kuuomba, kwa mdomo wake mwenyewe, aeleze na sababu.

Alhamisi ikaingia. Samadari imesimama, ukuta buluu, mtoto anaimba uvunguni. Na furushi? Mafundo mawili. Mwantumu akampelekea mandazi ya moto, Riziki akala mandazi, akashukuru, akalikumbatia furushi. Hamadi akampelekea kioo cha zamani cha bibi akamtundikia kwenye mchi, Riziki akajitazama, akashukuru, akalikumbatia furushi. Bi Kazija mwenyewe akaja, akainama nusu, ndipo magoti yalipomkatalia.

"Mke mwenzangu, utafungua?"

"Sijui, bibi."

Bi Kazija akarudi jikoni, akakaa juu ya mbuzi ya nazi bila nazi. Hakula asubuhi. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kusema. "Kesho wananichukulia mwanangu mara ya pili," alimwambia Sihaba.

Mchana chakula kikaiva. Sihaba akamwambia Kibibi, "Nenda kamwite mwenzio aje ale. Uende na urudi, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akaenda. Akatambaa uvunguni kumwita mwenzake, na huko uvunguni, jamani, saruji ya baridi, kivuli kizuri, pazia linapepea. Mmeshajua. Kibibi akasema, "Riziki, mama anasema..." na hakumaliza. Akalala pale pale, kichwa juu ya saruji tupu, shingo imepinda.

Yaliyofuata hakuna aliyeyaona. Riziki aliyasema mwenyewe baadaye. Alimtikisa Kibibi, hakuamka. Akamwita, hakuamka. Akamtazama ile shingo. Akajaribu kumwekea furushi zima kichwani, likawa kubwa, shingo ikapinda zaidi. Basi Riziki akafungua fundo la kwanza, akafungua fundo la pili, akatoa kanga ya marehemu mama yake, akaikunja mara nne, akamwekea Kibibi chini ya kichwa.

Na furushi limeshafunguliwa, afanyeje? Akatoa kitana chake akakiegemeza kwenye tendegu. Akatoa kawa ndogo ya kufunikia chakula, iliyosukwa nusu, ambayo mama yake hakuwahi kuimaliza, akaisimamisha karibu na mchi. Akatoa gauni zake tatu akazipanga. Na ile nguo iliyofungia furushi akajifunika, akamfunika na mwenzake, akalala.

Sihaba alipochoka kungoja alikuja na mwiko mkononi kumsaka Kibibi. Akainama. Kisha akatoka kimya kimya, akamshika mama mkwe wake mkono, akamleta. Na Bi Kazija, yule asiyeweza kupiga magoti hata kwenye sala, aliyesali miaka miwili juu ya kiti, alipiga magoti. Akaiona kanga, akaijua, maana ndiye aliyemnunulia mkwe wake siku alipoolewa na Faki. Akalia huku anacheka. Kuinuka ikabidi aitwe Makame.

Ijumaa baada ya sala, hodi. Bi Mgeni huyo, na gari la kwenda bandarini linamngoja nje. Akaingia chumbani, akaona ukuta, akaona samadari, akainama akaona gauni tatu zimepangwa na kitana kimeegemezwa. Akafurahi, na akaumia. Yote mawili yalionekana usoni, wala hakuyaficha.

"Haya," alisema. "Mimi ilimchukua mwezi mzima kunifungulia. Ninyi siku sita. Nani kalifanya?"

Hapo ndipo nyumba ilipochemka.

"Mimi," alisema Mwantumu. "Alikaa kizingitini siku tatu, hakuna aliyemtoa. Ukuta wangu ndio uliomchekesha, na kicheko ndicho kilichomwingiza. Asingeingia, angefunguaje?"

"Ukuta wako ulimchekesha kwa sababu ulisahau chumvi," alisema Hamadi. "Kosa lako ndilo lililofanya kazi, siyo wewe. Mimi nilimpa mahali. Alisema mwenyewe, hapa ndipo pangu. Bila kitanda hapana uvungu, na bila uvungu furushi lilikuwa linakwenda Tabora."

"Kitanda cha mchi wa wizi," alisema Mwantumu.

"Na mchi una mwenyewe," alisema Sihaba. "Mimi nimetwanga wiki hii kwa mchi wa watu, na mkono wangu niliushusha kwa hiari yangu. Ningeung'oa mchi wangu Jumatano, mngekuwa na uvungu gani? Mnanisahau kwa kuwa ni mama yenu."

Wakamgeukia Kibibi. Kibibi akapiga miayo kwanza.

"Mimi nililala," alisema.

"Basi huna dai," alisema Hamadi. "Ulitumwa, ukalala."

"Nililala," alisema Kibibi, "na furushi likafunguliwa. Ninyi mlikuwa macho wiki nzima, mbona halikufunguliwa? Mlimpa ukuta, mlimpa kitanda, mlimpa mandazi. Mimi sikumpa kitu. Mimi nilikosa mto, akanipa yeye. Bibi alisema atakayefanya lifunguliwe. Hakusema awe macho."

Watu wakacheka, lakini maneno ya mlalaji yalikuwa na uzito.

Ndipo sauti ikatoka uvunguni.

"Mafundo nilifungua mimi," alisema Riziki. "Kwa meno, fundo la pili lilikuwa gumu. Hakuna aliyenisaidia. Lakini juu ya kitanda sitaki kulala, juu nitaanguka. Mimi nataka huku chini, na Kibibi awe anakuja kulala mchana."

Bi Kazija akamtazama mmoja mmoja. Neno alishalitoa, na kwa umri wake hakuwahi kulirudisha neno. Samadari ni moja. Haikatwi, haigawanywi, na ukiondoa tendegu moja inaanguka.

Bi Mgeni alimwinamia mtoto aliyemlea, akambusu paji la uso, akamnong'oneza ambayo hatukuyasikia. Aliposimama machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Bi mkubwa," alisema, "namwacha, na roho yangu imetulia. Ila jambo moja lazima niondoke nalo. Mwenye kitanda ndiye mwenye uvungu. Kesho akikasirika, yeye ndiye atakayemwambia mtoto wangu toka, na yeye ndiye atakayemwambia kaa. Niambie, namwacha chini ya kitanda cha nani?"

Sasa nasema nanyi, mliokuwa mmekaa kimya mnajifanya mnasikiliza tu. Yuko aliyemchekesha kwa kosa lake. Yuko aliyempa mahali kwa mchi usio wake. Yuko mama aliyeushusha mkono. Yuko aliyetumwa akalala, akahitaji mto. Na yuko aliyefungua mafundo kwa meno yake, na kitanda chenyewe hakitaki. Usiniambie wote, wote si mtu. Gari limewashwa, Bi Mgeni kasimama mlangoni anangoja jina moja. Je, samadari alistahili nani?